Sogea Kidogo, Mama

Kaburi la mama yangu lipo Litapunga, na ukitoka kule mpaka stesheni ya Mpanda hutaona kaburi zuri kama lile. Nasema hivyo kwa sababu nimelijenga mimi. Vigae juu, uzio wa chuma pembeni, msalaba wa nondo umepakwa rangi ya fedha. Fundi aliponiuliza habari ya picha nikamwambia acha nafasi, italetwa. Akaacha kidirisha cha ukubwa wa kiganja, akakiwekea kioo. Huu ni mwaka wa sita. Nyuma ya kioo kile kuna buibui na vumbi. Picha hakuna.

Mtu ambaye ilibidi ailete picha hiyo ndiye ninayetaka kumweleza. Mji mzima ulimwita Bwana Picha, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi sijui, baba yake ni nani sijui, na nadhani hata yeye hakupenda kuulizwa. Ninachojua ni miaka karibu thelathini ya kumwona mtaani Kashaulili, amekaa kwenye benchi lake mbele ya duka la vitambaa, karibu na soko.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, nikabeba magunia stesheni mpaka mabega yakaota sugu. Leo nina mashine mbili za kukoboa mpunga, Fuso moja, na nyumba Shanwe ambayo bodaboda wanaitumia kuelekezana njia. Hakuna aliyenipa. Kila nilichokitaka katika mji huu nimekipata, kasoro kimoja, nacho ni sura ya mama yangu kwenye karatasi. Mtu mwenye nyumba ya vyumba tisa hana picha ya mama yake. Wasomi mtanieleza hiyo ni hesabu gani.

Bwana Picha alivaa koti la kahawia mwaka mzima. Hata mwezi wa kumi, jua la Mpanda likiwa linakaanga mabati, koti lipo mwilini na shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Kamera aliibeba ndani ya koti, juu ya tumbo, kama mama aliyembeba mtoto mwenye homa. Kwenye soksi ya kulia alichomeka kitana. Ukija kupiga picha na nywele timutimu, anainama, anachomoa kitana, anakupa bila kukutazama. Ukikirudisha anakifuta kwa leso na kukirudisha kwenye soksi. Watu wangapi wa mji huu wamechana nywele kwa kitana kile, hata Mungu amechoka kuhesabu.

Alikuwa mkali. Nyie mnaopigana picha kwa simu mkiwa mmelala kitandani hamjui ukali wa mpiga picha. "Wewe! Kidevu! Umekuja kupiga picha au kuchungulia nyanya?" Bwana harusi mmoja alimkumbatia mkewe kwa nguvu, Bwana Picha akashusha kamera. "Usimbane hivyo, siyo gunia la mahindi. Hakuna anayekuibia." Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia kiongozi mkubwa, mbele ya msafara wake, neno moja tu: "Tumbo." Na kiongozi akalivuta ndani.

Kucheka alikataza kabisa. "Ukicheka nitapiga meno, na meno hayana jina." Ndiyo maana ukiingia nyumba yoyote ya zamani hapa mjini ukaona picha ukutani, watu wote wamenuna kama wamefiwa. Hawakufiwa. Walikuwa wanamwogopa Bwana Picha.

Lakini mtu yule yule mkali kuna saa alibadilika. Yuko katikati ya watu, anafoka, ghafla sauti inashuka. Anamwita bibi mmoja aliyesimama nyuma na kapu lake: "Mama, njoo hapa, hapa kuna mwanga mzuri." Anamtoa unyasi kwenye kitambaa cha kichwa. Anamfuta mtoto makamasi kwa leso yake mwenyewe, ile ya kitana. Anapiga magoti ili apige vizuri. Tulikuwa tunasema, yule mzee ni mkali kwa wenye nazo, ila watu wa chini anawaheshimu. Mimi ndiye niliyelisema sana hilo. Nililisema stesheni, nililisema vilabuni, na nililisema kwenye msiba wa mama yangu.

Kazi yake ilikwenda hivi. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na haifunguliwi mpaka zote ziishe. Kama umepigwa picha ya kumi, unasubiri wenzako ishirini na sita. Zikiisha, anaichomoa filamu, anaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, anafunga mfuniko kwa plasta ya hospitali na kumkabidhi mtu wake wa kwenye treni ya Tabora. Mpanda hapakuwa na pa kuisafishia. Kopo linakwenda Tabora, linakaa huko, linarudi baada ya wiki mbili, wiki tatu. Masika reli ikisombwa na maji, ni mwezi. Siku linaporudi, watu wamejaa benchini tangu asubuhi. Anatandika kanga chini, anapanga picha moja moja, na watu wanajitafuta.

Wapo waliojipata. Wapo waliozunguka ile kanga mara tatu, wakainama, wakasimama, mwisho wakamuuliza. Naye anajibu neno moja bila kuinua kichwa.

"Imeungua."

Hakuna aliyebishana na neno hilo. Tuliamini picha inaungua kama mkate unavyoungua. Wengine walisema ni joto la behewa. Wengine walisema ni maji ya Tabora, yana chumvi. Akina mama walisema mtu mwenye damu nzito picha yake haikubali, na aliyeunguliwa alirudi kwake kimya, akijitafuta kosa mwilini. Nimewaona. Alikuwepo mama mmoja muuza dagaa, aliunguliwa mara tatu. Ya nne hakutaka tena kusimama mbele ya kamera, akasema yeye ni mtu asiyepigika.

Bwana Picha alikuwa na mambo yake yasiyoeleweka. Alipiga picha mji mzima na yeye mwenyewe hakuwa hata na moja. Walipokuja watu wa vitambulisho alisimama mbele ya kamera yao, akamwambia mwenye mashine, "Taa yako umeiweka vibaya," na jasho linamtoka. Kila Jumapili alikwenda kanisani, lakini alisimama mlangoni, na wakati wa komunyo alitoka nje akaangalia baiskeli yake. Miaka yote. Tukasema lazima kuna mwanamke mahali. Watu wa Mpanda kila jambo wanalitafutia mwanamke.

Na maiti hakupiga. Ukimwita apige mtu aliyelala kwenye jeneza anakataa. "Huyo nilishampiga akiwa mzima." Anarudi kwenye makopo yake alimotunza mikanda ya zamani, anatafuta, na baada ya wiki mbili anawaletea wafiwa picha ya marehemu akiwa amesimama na kidevu kimekaa sawa. Hakudai kitu. Kama marehemu alikuwa katika wale walioungua, basi hakusema neno. Alikuja tu msibani, akasimama mbali, akaondoka bila kula. Mama alipofariki, aliendesha baiskeli kutoka mjini mpaka Litapunga. Nilimwona nyuma ya watu na koti lake limejaa vumbi jekundu. Nilitembea kifua mbele siku ile. Niliwaambia ndugu zangu, mnaona? Hata Bwana Picha amekuja kumzika mama yangu.

Sasa nieleze ile siku ya ngoma.

Ulikuwa mwezi wa nane, mavuno yamekwisha, watu wana mpunga ndani na nyimbo mdomoni. Vikundi vya ngoma vilikuja kushindana mjini. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na wiki ile nilikuwa nimeuza mpunga wangu wa kwanza, wangu mwenyewe, siyo wa kubeba. Mama alikuja kutoka Litapunga. Siku hizo sisi watu wa makazi ya wakimbizi wa Burundi ukitaka kutoka unaomba kibali, na mama alikiomba kwa ajili ya jambo moja. Alikuwa hajapigwa picha tangu azaliwe. Mimi nilikuwa nimemwahidi. Alipakiwa kwenye baiskeli ya jirani, akashuka sokoni akiwa ameshika viatu mkononi ili visichafuke, akavivaa pale pale.

Bwana Picha alianzia stesheni asubuhi. Alipenda sana pale, lile jengo la zamani na reli yake iishiayo hapo. Alisema mtu akisimama pale anaonekana amefika mahali. Akawapiga wachukuzi, akawapiga wapiga ngoma kutoka Katumba wakishuka na ngoma zao kichwani, kubwa kama mapipa, wakipiga huku wanatembea. Msafara ulipoanza kwenda uwanjani yeye alitangulia mbele akitembea kinyumenyume, koti linapepea, kamera jichoni, na watu wanamshika ili asiangukie mtaroni.

Wasukuma walikuja na makoti ya mvua na miwani ya jua, mmoja amevaa kofia ya pikipiki, mwingine amejifunga njuga mpaka mapajani. Mzee mmoja alikuwa na chatu shingoni. Kulikuwa na mwanaume amevaa gauni na tumbo la matambara, anawashika wanaume mashati: "Baba mtoto, umenikimbia! Nani atalea?" Wanawake wakaanguka kwa kucheka. Kulikuwa na watu wa miti mirefu miguuni, vichwa vyao vinagusa nyaya. Unga umepakwa nyuso, majivu yamepakwa nyuso, vumbi limepakwa kila mtu.

Bwana Picha alipiga magoti mbele ya yule mzee wa chatu.

"Bwana Picha!" mtu akapaza sauti. "Mwambie na nyoka asicheke!"

"Nyoka ana adabu," akajibu bila kutoa jicho kwenye kamera. "Wewe ndiye huna."

Uwanja mzima ukacheka. Mama naye alicheka, nakumbuka sauti yake, lakini uso aliochekea siukumbuki. Hapo ndipo ninapokwama kila siku. Sauti ninayo.

Saa tisa hivi nikaazima pikipiki nyekundu kwa mfanyabiashara mmoja wa mpunga. Sikujua hata kuiendesha. Nikaisukuma mpaka kwenye uwazi, nikapanda, nikavaa miwani niliyonunua kwa mmachinga wakati ule ule, nikamwita Bwana Picha. Pembeni yake palikuwa na watu wanasubiri zamu, na mama yangu akiwemo.

"Zimebaki ngapi?"

Akatazama juu ya kamera. "Tano."

"Malizia zote kwangu."

"Kijana, kuna watu hapa."

"Watu wapo kila siku. Leo ni siku yangu. Malizia zote kwangu!"

Mama akanigusa mkono. "Mwana wanje, na mimi?" Ndivyo alivyoniita kwa Kirundi chetu, mtoto wangu, hata ndevu zilipoota.

"Subiri mama, zamu yako inakuja. Huyu hakosi filamu nyingine kwenye begi."

Nikapiga tano. Ya kwanza nimeshika usukani. Ya pili mguu mmoja chini. Ya tatu miwani juu ya kichwa. Ya nne nimegeuka kama naangalia nani ananifuata. Ya tano nimekunja mikono. Nimeisimulia habari hii mara nyingi kwenye meza za watu wazima wenzangu, na kila mara walicheka na kunipiga bega, kwamba tangu zamani jamaa alikuwa bosi. Ile ya tano ipo sebuleni kwangu, imekuzwa, ina fremu ya dhahabu.

Halafu zamu ya mama. Bwana Picha alitugeuzia mgongo, akafungua begi, akakaakaa pale, akageuka tena. Nikaona sauti yake imeshuka.

"Mama, njoo hapa. Hapa kuna mwanga mzuri."

Akamtoa unyasi begani. Akamwekea sawa kitambaa cha kichwa kwa vidole viwili. Mama akasimama wima kama askari, mikono imebana kwenye mapaja, amebana midomo. Alikuwa ameambiwa na kila mtu kwamba usicheze na yule mzee, usicheke.

"Mama," Bwana Picha akasema, "cheka ukitaka."

Katika maisha yangu sijawahi kumsikia akimwambia mtu mwingine hivyo. Mama akaziba mdomo kwa kiganja, akaona haya, halafu akakitoa kiganja, akacheka. Taa ya kamera ikawaka mara mbili. Mchana kweupe, lakini taa lazima iwake, bila taa watu hawaamini.

Nilijisikia mkubwa sana. Nikajisemea, unaona anavyomheshimu mama yangu.

Kopo liliporudi kutoka Tabora, mimi nilikuwepo mara tano kwenye ile kanga, nang'aa. Nikamuuliza ya mama.

"Imeungua."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Nilimpelekea mama habari hiyo. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Basi kama nimeungua nimekuwa majivu, msihangaike tena." Akacheka, nami nikacheka naye. Nikamwambia tutarudia. Baadaye nikija kumtembelea aliniuliza kwa mzaha, "Yale majivu yangu hayajapoa?" Nami nikamwambia tutarudia. Nilikuwa nanunua mashine ya kwanza. Halafu ikaharibika, nikanunua kifaa, halafu ikawa Fuso. Kifua kilipomshika mama ilikuwa wiki moja tu. Walipokuja watu na kamera zao kutupiga picha za vyeti vya uraia, kila mtu wa Litapunga akasimama mbele ya kitambaa cheupe, mama yangu alikuwa amelala chini miaka miwili.

Ndugu zangu tumebaki watatu. Dada yangu anasema mama alikuwa na pengo kwenye meno ya juu. Kaka yangu anasema hakuwa na pengo, alikuwa na kovu kwenye nyusi. Waligombana Krismasi moja mpaka chakula kikapoa. Wakanigeukia mimi mkubwa wa familia, mwenye nyumba, niamue kwa neno langu. Nikasema nyamazeni mle. Ukweli ni kwamba sikuwa na neno. Watoto wangu wananiuliza bibi alifananaje, nawaambia alifanana na mimi. Mwaka jana dada wa stesheneri aliniambia siku hizi simu inaweza kumtengeneza mtu kwa kutumia sura ya mtoto wake. Nikakubali. Alitoka mwanamke mrembo, ngozi laini, anacheka kama wa kwenye tangazo la sabuni. Nikamwambia afute. Yule alikuwa mimi nimefungwa kitambaa.

Zilipokuja simu zenye kamera, Bwana Picha alikwisha taratibu. Benchi lake lilichukuliwa na kibanda cha miamala. Yeye akaendelea kupita sokoni na koti lake, kamera tumboni, kitana kwenye soksi. Vijana wakamtania, "Mzee, nipige unitumie kwenye simu!" Akawatazama videvu, akapita.

Mimi nilimfuata kwa muda mrefu. Mchele wa Pasaka, mchele wa Krismasi, nilimpelekea mwenyewe kwa mkono. Kila mara namwomba jambo lile lile: nifungulie makopo, nitafute negativu ya mama. Negativu ni ule mkanda uliosafishwa, ambao ukiuinua dirishani mtu mweusi anaonekana mweupe na nguo nyeupe inaonekana nyeusi. Nilisikia kwamba hata picha iliyoungua huacha alama kwenye mkanda. Alinikatalia miaka. "Utaweka vidole." Mwaka juzi akakubali. Nilikaa dirishani kwake siku mbili nzima, mtu mwenye shughuli zake, nikiinua mikanda kwenye mwanga mpaka shingo ikakakamaa. Mji wote ulipita mbele yangu, weupe kama mizimu. Nilipofika kwenye pikipiki yangu nilipita haraka, sura yangu naijua. Mama sikumwona. Bwana Picha alikaa kitandani nyuma yangu siku zote mbili, na hakusema kitu.

Mwezi uliopita binti yake alinipigia simu. Yeye ndiye anayemtunza, wanakaa chumba kimoja cha uani, Kashaulili hiyo hiyo. "Shikamoo bosi. Mzee anakuita. Anasema uje mchana, kuna mwanga."

Mwanga gani, mzee macho yamekwisha. Nilimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni, koti mwilini, macho meupe kama maziwa. Kamera ilikuwa mapajani.

"Shikamoo, Bwana Picha."

"Marahaba. Ni yule wa pikipiki." Aliijua sauti. "Kaa."

Binti akanipa kigoda, akaendelea kuosha vyombo karibu yetu.

"Mama yako hakuungua," akasema.

Nikakivuta kigoda karibu naye.

"Hakuna aliyeungua. Tangu nianze kazi hii haijaungua hata moja. Kamera ilikuwa tupu. Filamu ikiisha siku ya watu wengi, mtu amevaa, amekuja kwa miguu, unamwambiaje imekwisha? Unampa taa. Anarudi nyumbani amefurahi. Wiki tatu anakuwa na furaha. Nilijiambia wiki tatu siyo kidogo."

"Lakini siku ile uliingiza filamu. Nilikuona kwenye begi."

"Ulimwona mtu akifungua begi."

Binti aliacha kuosha. Mimi nikawa namwona tu mama ameshika viatu mkononi. Nikamuuliza, ingawa nilijua, "Ya mwisho ilikuwa ipi?"

"Umekunja mikono."

Hakuniambia kwamba ni kosa langu. Angenitukana ningepata pa kushika. Akaendelea kwa sauti ile ya chini, sauti aliyowapa watu wa taa tupu, na ndipo nilipoelewa sauti ile miaka yote ilikuwa ya nini.

"Wale niliowapiga kweli nimewasahau wote. Wale wa kamera tupu ninao hapa," akagusa paji la uso. "Muuza dagaa ninaye. Mama yako ninaye."

"Alikuwa na pengo?"

"Juu, kushoto. Dogo. Ndiyo sababu aliziba mdomo."

Na kovu la nyusi? Nilitaka kuuliza, nikashindwa. Mtu mmoja asiyeona ndiye pekee duniani anayeiona sura ya mama yangu, na nikaona jinsi alivyochakaa kwenye kile kiti, nikajua hata kichwani mwake mama hatakaa sana.

"Kuna kitu nilikuitia," akasema. "Ile ya tano. Mama yako alikuwa amesimama karibu na taa ya mbele ya pikipiki, anakutazama. Alikuwa ndani ya picha. Nikatoa jicho kwenye kamera, nikamwambia, mama, sogea kidogo, unaharibu picha ya kijana. Akasema, samahani baba. Akasogea. Sasa sikiliza. Karatasi huwa inakata pembeni. Negativu haikati. Pembeni kule kunaweza kuwa na kitu. Mkono. Nguo. Katafute."

Binti akanitolea kopo. Nilipata mkanda kwa dakika chache, maana mwenye pikipiki siyo wa kutafuta. Niliendesha gari mpaka kwa dada wa stesheneri kama mtu anayekimbiza mgonjwa. Akauweka kwenye mashine yake, picha ikaja kwenye kioo cha kompyuta, kubwa, na kweli pembeni palikuwa na ukingo ambao kwenye fremu yangu ya dhahabu haupo. Upana wa kidole.

"Kuza hapo," nikamwambia.

Akakuza. Taa ya mbele ya pikipiki. Tairi. Baada ya tairi, uwanja. Vumbi. Mbali kabisa, miguu ya mtu wa miti mirefu.

"Kuza tena."

"Bosi, imefika mwisho."

"Kuza."

Akakuza mpaka vumbi likawa madoa, kila doa linajitegemea. Sikuona kidole. Sikuona hata ncha ya kiatu.

Nilirudi uani kwa Bwana Picha jioni ile ile, jua bado lipo. Alikuwa palepale mlangoni. Alisikia mlango wa gari, akainua kidevu, akakiweka sawa kabisa, kama anayesubiri kupigwa picha.

"Yupo?"

"Hayupo, Bwana Picha."

Akashusha kidevu. Akainama taratibu, akachomoa kitana kwenye soksi, akakishika tu.

"Nilimwambia kidogo," akasema. "Nilimwambia asogee kidogo."

Ndivyo alivyokuwa mama yangu. Aliambiwa kidogo, yeye akasogea mpaka akatoka kabisa.